Familia kwanza: niliacha kazi ya ofisini Posta ili niwe karibu na watoto, biashara ya kwanza ikanila kuliko ofisi (uzi mrefu)

Mleta uzi

Wakuu salama? Huu uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Juzi alinipigia dogo mmoja tuliyekuwa nae ofisi moja zamani, ananiambia kaka nimechoka, nataka niandike barua niache kazi nifungue biashara palepale nyumbani niwe karibu na wanangu. Nikamwambia barua usiandike kwanza. Nikaanza kumueleza kwanini, maelezo yakawa marefu mpaka salio lake likakata na sio mtu mwenye salio la kuchezea. Nikaona niyaweke hapa, yeye atasoma na wengine watasoma.

Mimi ni mhasibu. Nilikuwa nimeajiriwa kampuni moja ya usambazaji, ofisi zipo Posta katikati ya jiji, na mimi nakaa Kibamba huko pembezoni. Wa Dar mshanielewa. Mwaka 2018 ndo walikuwa wameanza kuipanua ile barabara ya Kimara mpaka Kibaha, vumbi, michepuko, malori yamelala katikati ya njia. Natoka nyumbani saa 11 alfajiri watoto wamelala, narudi saa 3 na nusu usiku watoto wamelala. Sheria ya ajira inasema masaa 45 kwa wiki ila hiyo sheria haihesabu masaa ya Kimara. Mke wangu ni nesi hospitali ya serikali, wodi ya wazazi, anafanya kazi kwa zamu, kuna wiki anaingia usiku anatoka asubuhi. Kwahiyo kwenye ile nyumba tulikuwa tunapishana getini kama walinzi, huyu anaingia yule anatoka, mwenye nyumba halisi ni dada wa kazi.

Sasa mwezi wa 11 mwaka huohuo mke wangu yuko semina Dodoma, usiku mtoto wa pili akapandisha homa, alikuwa na mwaka na miezi miwili. Nikambeba nikakimbia nae hospitali ya jirani. Daktari anauliza, kuna dawa yoyote huwa inamletea shida? Kimya. Mara ya mwisho kliniki alikuwa na kilo ngapi? Kimya. Nampigia mama yake hapatikani. Dada alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma yangu kashika kanga na chupa ya uji, akasema taratibu tu, "Septrini baba, mwezi wa saba ilimtoa vipele mwili mzima. Na ana kilo tisa na nusu." Daktari akaacha kuniangalia mimi, kuanzia hapo akawa anaongea na yule binti. Mimi nikabaki mtu wa kwenda kulipia dirishani.

Nilivyorudi nyumbani sikulala. Naendelea chini, ngoja nile kwanza.

Kahawa Chungu

Nimeweka kigoda hapa mkuu, shusha vitu. Hapo kwenye kilo tisa na nusu umenigusa, mimi sijui hata viatu wanangu wanavaa namba ngapi.

Mtoto wa Tandika

Sasa mkuu uache mshahara kisa hukujua kilo za mtoto? Si ungeuliza ukaandika kwenye simu?

Mleta uzi

Mtoto wa Tandika, hata mke wangu alisema hivohivo haha. Ila kichwa kilikuwa kishaamua.

Machi 2019 nikatoa notisi ya siku 28. Mshahara wangu ulikuwa milioni moja na laki nne na ishirini mkononi baada ya makato, wala haukuwa mbaya. Akiba yangu na hela ya kikoba tulichogawana Desemba nikapata kama milioni 6 na laki 8. Wazo langu lilikuwa lilelile la huyu dogo, biashara nyumbani. Tukatoboa ukuta wa mbele tukaweka dirisha la nondo, friji moja la milango miwili, makreti ya soda, unga, mchele, sukari ya kupima, mafuta ya kula ya kupima, vocha, gesi mitungi midogo. Mwezi wa tano duka likafunguliwa. Siku ya kwanza nilipiga picha nikawatumia wa ofisini, nikaandika "foleni bai bai".

Wakuu, mimi nilikuwa natunza hesabu za kampuni nzima lakini hesabu moja ndogo sikuipiga. Duka la mtaani linauza saa ngapi? Linauza saa 12 asubuhi mpaka saa 2, watu wanataka mkate, majani, sukari robo, vocha. Halafu linalala. Kuanzia saa 3 mpaka saa 10 jioni unauza pipi na vibiriti, unafukuza nzi, unasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Halafu saa 11 jioni linaamka, watu wanarudi makazini, hapo ni unga, mafuta ya mia tano, nyanya, soda, mpaka saa 5 usiku. Sasa watoto wanamtaka baba saa ngapi? Asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule. Yaani duka lilikuwa linafunguka mtoto anapofungua mdomo. Mchana mkubwa yuko shule na mdogo amelala, mimi niko huru kama mfalme, jioni wote wananitaka mimi niko dirishani, "subiri mwanangu nimhudumie mama Neema kwanza", na akitoka mama Neema kaja mwingine. Ofisini angalau nilikuwa mbali wakajua baba hayupo. Hapa wananiona mgongo.

Na usiku hawana adabu wateja, mtu anagonga saa 6 usiku anataka panadol mbili, ukikaa kimya anagonga na geti. Jumapili ndo mauzo makubwa kwahiyo kanisani nikawa siendi. Na madeni, daftari la madeni lilikuwa nene kuliko la mauzo, maana jirani huwezi kumnyima na mtoto wake anacheza na wako.

Kuna siku mke wangu karudi toka zamu ya usiku, kanikuta napanga makreti, mtoto mdogo kakaa chini ya friji analamba karatasi ya biskuti, chai haijachemka. Akavua viatu, akaniambia bila hata hasira, "Afadhali ulivyokuwa Posta. Ulikuwa unarudi."

Februari 2020 nikafunga. Friji nililonunua milioni moja na laki mbili nikaliuza laki 6 na nusu. Ile nondo bado ipo mpaka leo mbele ya nyumba, wageni wanauliza hapa palikuwa na duka?

mama_wawili

Hapo umesema kweli tupu kaka. Mimi nauza supu na chapati karibu na soko, naamka saa 9 usiku, saa 10 na nusu moto umekolea, wapakuaji mizigo wanakula mpaka saa 3 asubuhi nimemaliza naosha masufuria. Saa 5 niko nyumbani nimelala, wanangu wakirudi mama yao yupo, ana hasira za usingizi lakini yupo. Watu waliniambia geuza uuze chips jioni ndo kuna hela, nikakataa, hela ya jioni inakula mtoto. Lakini bila mama yangu kulala na watoto ile saa 9 usiku nisingeweza, nisije nikadanganya watu.

Fundi Friji

Kumbe friji nililinunua mimi haha. Natania mkuu. Endelea.

Mleta uzi

mama_wawili wewe ungeniambia hayo 2019 ningekulipa ada.

Ndo hicho nilichomwambia dogo. Mimi nilichagua mahali nikasahau saa. Nilidhani nikikaa jengo moja na watoto basi niko nao. Baada ya duka kufa nikachukua karatasi nikaandika masaa ambayo sitaki mtu yeyote ayachukue, saa 10 jioni mpaka saa 2 na nusu usiku, na asubuhi mpaka saa 1 na nusu. Basi. Sikuandika biashara yoyote. Nikawa najiuliza ni kazi gani watu wanaihitaji mchana wanangu wakiwa shule, na ambayo mteja hawezi kuja kugonga usiku.

Jibu sikulipata mimi, lililetwa na corona. Tarehe 17 Machi 2020 shule zikafungwa. Dada wa kazi alikuwa kashaondoka kwao Singida. Mke wangu kila siku wodini, akirudi anaogea uani, nguo analoweka kwenye beseni la jiki, analala chumba cha wageni na watoto wanaongea nae dirishani. Mimi na watoto wawili, hela hakuna. Jirani yangu ana duka la vifaa vya umeme, swichi, waya, taa, akaja na boksi la sabuni limejaa makaratasi, anasema wewe si mhasibu, nisaidie, TRA wamenikadiria kodi na sielewi na awamu ya kwanza mwisho tarehe 31.

Nikamwaga lile boksi kwenye mkeka. Risiti zimenata na sukari, zingine zimefutika wino, akatoka na mende. Mtoto mkubwa alikuwa darasa la kwanza, namba anazijua, nikamwambia tafuta yenye 01 katikati ya tarehe weka huku, yenye 02 weka kule. Siku tatu tulicheza huo mchezo. Mdogo kazi yake ilikuwa kukalia zilizopangwa zisipeperuke.

Kwa asiyejua, mfanyabiashara mdogo mauzo yakiwa chini ya milioni 4 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato, akizidi hapo kuna viwango viwili, kuna cha anayetunza kumbukumbu na cha asiyetunza. Jirani mauzo yake yalikuwa kama milioni 10. Kwa viwango vya wakati ule asiye na kumbukumbu hapo analipa 250,000 moja kwa moja. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000 jumlisha asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7, yaani 90,000 na 90,000, jumla 180,000. Alfu sabini yake ilikuwa kwenye boksi la sabuni inalisha mende. Alinipa 30,000 na trei la mayai, akaenda kutangaza mtaa mzima.

Kahawa Chungu

Duh. Mimi nalipa hiyo ya wasiotunza mwaka wa nne huu.

Mleta uzi

Nunua daftari kesho Kahawa, sio utani.

Kutoka hapo wakaja mmoja mmoja, mwenye duka la dawa, mwenye shule ya chekechea, mwenye stoo ya mbao. Nikaona hii ndo kazi yenyewe. Vitabu haviharibiki kama nyanya, mteja akija na makaratasi mchana wewe unayafanyia kazi saa zako, na zaidi ya yote kodi ina kalenda. Tarehe 7 ya kila mwezi ni PAYE, ile kodi ya mishahara, kwa wenye wafanyakazi. Tarehe 20 ni ritani, yaani taarifa za kodi, za VAT kwa waliosajiliwa. Mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba ni awamu za kodi ya mapato. Mwisho wa Juni ni ritani za mwaka kwa wanaofunga hesabu Desemba. Dukani nilikuwa sijui nani atagonga saa ngapi, huku najua mwaka mzima siku gani nitachelewa kurudi.

Jikoni kwetu kuna kalenda kubwa ile ya kutundika. Rosta ya mke wangu ikitoka tunakaa na chai, yeye na kalamu nyekundu anaweka zamu zake za usiku, mimi na ya bluu nazungushia tarehe 6 na 7, 19 na 20. Nyekundu ikigongana na bluu hapo ndo tunampigia bibi yao Mlandizi aje alale siku mbili. Watoto wenyewe wanaisoma, mdogo anasema "kesho bluu, baba atakuwa na sura mbaya".

Nimepanga fremu karibu na shule yao, hata mita mia tatu hazifiki. Asubuhi nawaacha getini naenda kufungua, saa 9 na nusu wanapitia hapo wanakula mihogo wanaanza homuweki, saa 10 nafunga tunaondoka. Simu ya kazi inalala fremuni kwenye chaji. Mwanzoni wateja walinung'unika, sasa wamezoea, wenye la haraka wanaandika meseji naisoma asubuhi.

Na msifanye kienyeji. Mimi CPA, cheti cha uhasibu, nilikuwa nayo toka 2014 imekaa kabatini nalipia ada NBAA, bodi ya wahasibu, kila mwaka nalalamika, kumbe ndo ilikuwa mtaji, sio yale makreti. Jina la biashara nilisajili BRELA, leseni ya halmashauri, na TRA nao wana utaratibu wao wa kusajili washauri wa kodi. Ukijifanya mjanja siku ukimkosea mteja utamjibu nini.

Bwana Mipango

Weka hela mezani mkuu. Stori tamu lakini tumbo halili kalenda.

Mleta uzi

Haya. Mwaka ule wa kwanza wa vitabu wastani ulikuwa 480,000 kwa mwezi, kuna miezi laki mbili. Sasa hivi nina wateja 17. Tisa ni maduka madogo wanalipa 50,000 kwa mwezi, hiyo 450,000. Sita wa kati 120,000, hiyo 720,000. Wawili wakubwa kidogo 250,000 kila mmoja, 500,000. Jumla 1,670,000. Toa fremu 120,000, toa msaidizi 350,000, toa bando, umeme, karatasi na wino kama 90,000. Nabaki na 1,110,000 na bado sijalipa kodi yangu mwenyewe. Kwahiyo miaka yote hii bado sijaufikia mshahara wa 2019, tena hela ya 2019 ilikuwa inanunua vitu. Nauli na kula mjini nimeokoa, ndo hivyo.

Na kuna mteja nilimkataa. Mwenye hadiwea mbili kubwa, alitaka kunipa 400,000 kwa mwezi ila niwe napokea simu yake muda wowote, yeye hufunga mahesabu saa 4 usiku akiwa na madereva wake. Nilijaribu wiki mbili. Nikamrudishia mafaili yake. Sitawadanganya kwamba niliona fahari, niliumwa tumbo wiki nzima, na mke wangu hakunipongeza pia, alisema tu "ada ya muhula ni tarehe ngapi?"

Bwana Mipango

Sasa swali la pili. Bima ya afya ya familia mnatumia ya nani?

Mleta uzi

Nilijua utafika hapo.

Ya mke wangu. Yeye mtumishi wa serikali, anakatwa NHIF, mimi na watoto tumo kama wategemezi wake. Na mkopo wa kumalizia nyumba kachukua yeye kwa mshahara wake. Na 2020 chakula cha ile nyumba ni mshahara wake. NSSF mwajiri aliacha kunichangia siku nilipotoka, sasa hivi najichangia mwenyewe na kuna miezi naruka.

Bwana Mipango

Basi kichwa cha uzi kibadilishe. Anayebeba familia kwanza ni mkeo, wewe unabeba mabegi ya shule.

Mleta uzi

Mkuu umenipiga na sina pa kukwepea. Ni kweli kama sio zamu zake za usiku mimi leo ningekuwa nimerudi Posta kitambo. Na hata huyu dogo nilimuuliza hilo la kwanza kabisa, mkeo anafanya kazi gani? Akasema hana kazi. Nikamwambia basi wewe sio mimi, usinakili, jenga kwanza pembeni huku unalipwa, anza na wateja wa jumamosi.

Niliwahi kumwambia mke wangu kipato changu kikivuka ule mshahara wa zamani aombe kuhamia kliniki ya mchana apumzike na usiku. Akacheka. Akasema "nani kakuambia nataka kliniki? Wodi ya wazazi ndo kazi yangu." Nikanyamaza. Nilikuwa nampangia kama mteja.

Mtoto wa Tandika

Kiufupi umekaliwa haha. Mwanaume anapika mihogo fremuni.

Shangazi wa Mbagala

Tandika acha utoto. Na wewe mleta uzi usijione umegundua moto. Mimi nimefanya hivohivo miaka 9, nimekataa kuhamishiwa mkoa na cheo juu, nimeshona vitambaa usiku watoto wakilala, hakuna aliyesema nifungue uzi. Mwanaume akijua kilo za mtoto anapigiwa makofi. Ila nimesoma mpaka mwisho, nakiri, umeandika vizuri na umekubali kosa.

Mleta uzi

Shangazi shikamoo. Sina la kuongeza hapo.

Mihogo haipikwi fremuni Tandika, nainunua kwa mama jirani, na pilipili.

Bahari Kuu

Mie niko Mombasa. Huku kwetu sheria inampa baba likizo ya wiki mbili mtoto akizaliwa, nyinyi hizo siku tatu zenu ni za kuhudhuria msiba si za kulea. Lakini nina swali. Mamangu alilea watoto sita kwa mahamri na mbaazi pale barazani, asubuhi mahamri, jioni viazi karai. Hakuwa na saa alizozifungia. Biashara na watoto vilikuwa kitu kimoja, sisi ndio tuliokuwa tukikanda unga na kupasua kuni, na hesabu nimejifunza kwa kurudisha chenji. Sikuwahi kuhisi simuoni mamangu. Sasa je, tatizo lilikuwa duka lako ama ni kuwa watoto wako hukuwatia ndani ya duka?

Mleta uzi

Bahari Kuu hili swali nimelifikiria toka asubuhi. Inawezekana uko sahihi. Yale makaratasi kwenye mkeka mwaka ule wa corona mtoto wangu mkubwa anayakumbuka mpaka leo, anasema ndo likizo nzuri kuliko zote, na hapo hatukwenda popote na baba alikuwa hana hela. Dukani niliwafukuza wasije wakavunja chupa. Ila nawe niambie ukweli, mahamri ya saa 10 alfajiri ulikuwa unaamka unakanda halafu darasani unafanyaje?

Bahari Kuu

Nalala. Hahaha. Mwalimu alinizoea. Ndugu yangu mkubwa hakumaliza shule, hilo nalo niliseme.

Kahawa Chungu

Mkuu vipi ndugu? Maana ukisema familia kwanza huku kwetu familia sio watu wanne.

Mleta uzi

Kahawa hapo ndo nilitaka nipite kimyakimya.

Nilivyofikisha wateja kumi nilihitaji msaidizi. Mama yangu akapiga simu, mtoto wa dada yako kamaliza chuo yuko tu nyumbani, wewe una ofisi unamuajiri mtu baki? Damu nzito kuliko maji. Nikamchukua. Kijana mzuri, ana heshima, kompyuta anaijua kuliko mimi. Tatizo mimi nilikuwa sijui kumuambia umechelewa. Mtu baki akichelewa unamwambia, mpwa akichelewa unafikiria dada atasemaje.

Wateja wengine walikuwa wanatuachia hela ya kodi tuwalipie. Hilo kosa la kwanza, siku hizi mteja analipa mwenyewe kwa kontrol namba, mimi shilingi ya mtu haipiti mkononi. Mwenye stoo ya mbao akaacha milioni moja na laki mbili ya awamu ya Septemba. Oktoba akapigiwa simu hajalipa. Kijana alikuwa kaiingiza kwenye kubeti, akitegemea kuirudisha ikizaa. Nililipa mimi, kwa kukopa kikoba, na adhabu na riba ya kuchelewa juu. Na bado kwenye kikao cha ukoo Desemba aliyeulizwa maswali ni mimi, "ulikuwa unamlipa shilingi ngapi mpaka akashawishika?"

Yule kijana sikumpeleka polisi na sikumrudisha. Ada ya kozi ya udereva nililipia, sasa anaendesha gari la mizigo na tunaongea vizuri tu. Msaidizi wangu wa sasa ni binti nisiyehusiana nae hata kwa jirani, akichelewa namwambia. Mama yangu alininunia miezi mitano. Nikiambiwa nichague tena sijui, kikao cha ukoo ni kitu kizito, nyie mnajua.

Shangazi wa Mbagala

Hapo ndo ungeanzia uzi kaka yangu.

mama_wawili

Kaka na likizo za shule unafanyaje? Mimi likizo ndo nachanganyikiwa.

Mleta uzi

mama_wawili umeshika penyewe. Desemba nzuri, kazi zinapungua, tunaenda Mlandizi. Juni ndo inaniua. Watoto wanafunga shule na ritani zote za mwaka mwisho ni tarehe 30 Juni, yaani mwezi wao wa kuwa na mimi ndo mwezi wangu wa kulala fremuni. Miaka yote nawapeleka kwa bibi. Mwaka jana nikasema nitamaliza ritani zote Mei, nikawapigia wateja toka Machi leteni makaratasi. Wameleta tarehe 24 Juni, ndani ya mfuko wa unga. Mkubwa aliniuliza kwanini kodi isiishe mwezi mwingine, nikamwambia waziri hanijui.

Kahawa Chungu

Mkuu nipo Mbezi hapa karibu, nikuletee boksi langu? Bei ya miaka minne ni ngapi?

Mleta uzi

Lete, ila mende utoe kwanza. Njoo pm tuongee bei, na uje kabla ya saa 10 jioni.

Wengine mlioulizia namba na mlioniandikia kuhusu leseni nitawajibu wote kuanzia tarehe 21. Leo 19, nina VAT za watu watano, mfumo umeanza kugoma toka mchana, na nyekundu na bluu zimegongana. Bibi yuko njiani toka Mlandizi, nasikia daladala imeharibika Kwa Mathias.